Lelemama, Soul na Mlima Meru

Tarehe 26 Januari 1967 Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU, chama tawala, ilianza kikao chake mjini Arusha, kwenye jengo la Kaloleni ambalo sasa ni Makumbusho ya Azimio la Arusha. Wajumbe walikaa siku nne. Tarehe 5 Februari nchi ikatangaziwa Azimio la Arusha, siasa ya ujamaa na kujitegemea, na kesho yake mabenki yakataifishwa. Tarehe 14 ya mwezi uleule, jijini New York, Aretha Franklin aliingia studio ya kampuni ya Atlantic kurekodi "Respect", akiitikiwa na dada yake Erma na mdogo wao Carolyn. Wimbo haukuwa wao. Otis Redding ndiye aliyeutunga na kuutoa mwaka 1965, na kwake ulikuwa wimbo wa mwanamume anayetaka aheshimiwe akirudi nyumbani. Akina Franklin waliupindua ukawa dai la mwanamke, na nguvu ya kuupindua ilitoka kwenye uitikiaji: Aretha anadai, nduguze wanadakia papo hapo kama mashahidi waliochoka kusubiri kuitwa.

Waliokuwa Kaloleni hawakuwa na habari za studio ile, na waliokuwa studio hawakuijua Kaloleni. Hata hivyo miaka mitatu haikutimia kabla ya siasa iliyotangazwa Arusha kukutana uso kwa uso na muziki wa akina Franklin. Novemba 1969 Mkuu wa Mkoa wa Pwani, Mustafa Songambele, alipiga marufuku muziki wa soul katika mkoa wake, na wakati huo Dar es Salaam ilikuwa ndani ya mkoa huo. Nataka kuisimulia habari hii kuanzia mbali kidogo, kwa sababu naamini waliolengwa mwaka ule ni wanawake vijana, na muziki ukaponzwa nao.

Tuanze Detroit. Mwaka 1959 Berry Gordy alikopa dola 800 kwa jamaa zake akaanzisha kampuni ya santuri iliyokuja kuitwa Motown. Wimbo wa kwanza wa kampuni hiyo kushika nafasi ya kwanza katika orodha kuu ya Marekani uliimbwa na wasichana waliokuwa ndiyo kwanza wanatoka shule, kundi la The Marvelettes, mwaka 1961. Baada yao wakaja Martha and the Vandellas, kisha The Supremes: Diana Ross, Mary Wilson na Florence Ballard, mabinti waliokulia katika nyumba za serikali za Brewster, makazi ya watu weusi wenye kipato kidogo. Kati ya mwaka 1964 na 1969 The Supremes walishika nafasi ya kwanza mara 12. Katika miaka hiyo hakuna kundi jingine la Marekani, la wanaume au la wanawake, la weusi au la weupe, lililofikia hapo.

Ufundi wao ulikuwa wa kanisani. Mmoja anaongoza, wawili au watatu wanaitikia, na katika kuitikia kila mmoja ana sauti yake ya kushika. Aretha alikulia katika kanisa la Kibaptisti la baba yake, Mchungaji C. L. Franklin, palepale Detroit, na mabinti wengi wa Motown walijifunza kwaya kabla ya kujifunza jukwaa. Motown ikaongeza sare, mwendo na adabu. Kulikuwa na mwalimu wa kuwafundisha kutembea na kuketi, Maxine Powell, na mwalimu wa kuwafundisha hatua za miguu na mikono, Cholly Atkins. Kwa hiyo walipotokea mbele ya watu walikuwa wamevaa gauni moja, wamesimama mstari mmoja, mikono inapanda na kushuka pamoja, na jibu linatoka vinywani kwa wakati mmoja.

Mwanamke wa Kariakoo, Dar es Salaam, wa miaka ya 1950 angeyatambua hayo yote bila kufasiriwa. Angesema hiyo ni lelemama.

Lelemama ilichezwa pwani yote, Lamu hadi Kilwa, na wanawake waliojipanga mstari, wamevaa sare, wakiimba kwa kupokezana na kucheza zaidi kwa mikono na mabega. Vikundi vilikuwa na viongozi wenye vyeo, vilikuwa na michango, na vilikuwa na mahasimu. Mombasa, ushindani wa vikundi vya lelemama ulifika mahali pa watu kufilisika kwa karamu na sare. Mwenye jicho la haraka angeona starehe tupu. Kumbe ndani yake mlikuwa na mtandao: nani anamjua nani, nani anaweza kukusanya watu 100 kabla jua halijatua.

TANU ilipoanzishwa tarehe 7 Julai 1954 haikuwa na mtandao huo. Waajiriwa wa serikali ya kikoloni walikatazwa kujiunga na chama, na viongozi wake wengi walikuwa wanaume waliosoma, wachache, wanaojuana wenyewe kwa wenyewe. Mwaka 1955 John Hatch wa chama cha Labour cha Uingereza alifika Dar es Salaam akauliza tawi la wanawake liko wapi. Halikuwapo. Ndipo alipotafutwa Bibi Titi Mohamed, mwanamke wa Dar es Salaam aliyekuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bombakusema. Hakuwa na elimu kubwa ya darasani. Alikuwa na sauti, na aliwajua viongozi wa vikundi vingine vyote vya mji. Akawaendea mmoja mmoja. Katika muda wa miezi michache wanawake wapatao 5,000 wakawa wanachama. Wengi wao walikuwa wauza vitumbua, wapika pombe, wenye vyumba vya kupangisha, watu ambao hakuna chama cha siasa kilichowahi kuwabishia hodi.

Naona jambo hili halijapewa uzito wake katika vitabu vya shule. Tunawafundisha watoto kwamba uhuru uliletwa na hotuba. Susan Geiger, mwanahistoria Mmarekani aliyekaa na akina mama hao akawasikiliza na kuandika kitabu chake mwaka 1997, alionyesha kwamba hotuba zilipata wasikilizaji kwa sababu vikundi vya waimbaji wanawake vilishawaleta watu uwanjani. Chama kilichokuja kutawala kilibebwa na kibwagizo cha akina mama.

Nyerere mwenyewe alilikumbuka hilo kwa namna yake. Desemba 1962, akiapishwa kuwa Rais wa kwanza wa Jamhuri ya Tanganyika, alitangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, akalalamika kwamba wasomi wanajua rumba, chachacha, twist na hata waltz, lakini ni wangapi wanaojua gombe sugu, mganda, kiduo au lelemama? Hivyo lelemama ikatajwa na Rais mbele ya taifa, miongoni mwa hazina za kufufuliwa. Katika miaka hiyohiyo ya 1960 Dar es Salaam ilipata bendi ya wanawake pekee, Women Jazz, ikipiga magitaa na saksafoni, wakati Guinea ilishakuwa na Les Amazones, askari wa kike wa jandarmeri waliokuwa wakipiga muziki tangu mwaka 1961. Mwanamke mwenye gitaa hakuwa tishio kwa taifa alipokuwa amevaa sare ya taifa.

Twende sasa Meru, ambako habari ya wanawake kuimba pamoja ina mizizi mingine. Misheni ya Leipzig ilifika huku kwa msiba: mwaka 1896 wamisionari Ewald Ovir na Karl Segebrock waliuawa Akeri, na jeshi la Wajerumani likalipiza kisasi kwa Wameru na Waarusha kwa ukatili uliovunja nguvu ya mlima mzima. Wamisionari walirudi, wakafungua kituo Nkoaranga mwaka 1902 na Ilboru mwaka 1904, na pamoja na Biblia wakaleta tenzi za Kilutheri za sauti nne. Watu wa Meru walizipokea tenzi hizo wakiwa na desturi yao ya kale ya kiongozi na waitikiaji. Miongoni mwa Wamasai na jamaa zao Waarusha, wanawake walikuwa tayari wakimwomba Mungu kwa nyimbo, kwa makundi, wakitembea boma hadi boma kuomba uzazi na mvua. Dorothy Hodgson, aliyefanya utafiti wa miaka mingi kwa Wamasai wa mkoa huu, amesimulia jinsi mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walivyofanya juhudi kuwavuta wanaume, na jinsi waliojaa makanisani walivyokuwa wanawake. Sioni ajabu. Walikuta mahali pa kuimbia.

Basi mwaka 1967 unapoingia, chini ya mlima huu kuna kwaya za Kilutheri vijijini, kuna nyimbo za wanawake kwenye maboma, na kuna mji unaokua upesi. Desemba mwaka huo Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianza kazi rasmi, makao yake yakiwa Arusha, na maofisi yakahitaji makarani na wapiga chapa. Msichana aliyesoma angeweza kupata mshahara wake mwenyewe, chumba chake mwenyewe, na nguo aliyojichagulia. Hilo lilikuwa jipya, na liliwasumbua wazee na viongozi kuliko walivyokuwa tayari kukiri.

Sumbuko hilo lilianzia kwenye mavazi, na Arusha ilikuwa ya kwanza kulionja. Mwaka 1967 na 1968 serikali ya mkoa, chini ya Mkuu wa Mkoa A. W. Mwakang'ata, iliendesha kampeni ya kuwavua Wamasai lubega na mafuta ya udongo mwekundu. Mabasi yaliamriwa yasiwapakie waliovaa kimila. Ilipofika Oktoba 1968, Umoja wa Vijana wa TANU ukatangaza Operesheni Vijana huko Dar es Salaam: kuanzia tarehe 1 Januari 1969, marufuku vimini, wigi, suruali za kubana na dawa za kujichubua. Siku chache baada ya tangazo hilo vijana walivamia eneo la Kariakoo, wakasimamisha mabasi na kuwashambulia wanawake waliovaa vimini.

Ukiziweka kampeni hizi mbili pamoja unashindwa kupata hoja inayozishikamanisha. Huku Arusha mtu aliambiwa amevaa kizamani mno, kule Dar es Salaam mtu aliambiwa amevaa kisasa mno. Shuka la Mmasai ni utamaduni wa Kiafrika kama kuna kitu kinachoitwa hivyo, na lilikatazwa. Kimini kilikatazwa kwa madai ya kuulinda utamaduni huohuo. Kilichokuwa kimoja kote ni mwenye kuamua.

Muziki ukafuata mavazi. Vijana wa Dar es Salaam waliokuwa na bendi zao kama The Sparks na The Rifters walipiga nyimbo za Marekani kwenye dansi, na soul ndiyo iliyotamba. Novemba 1969 ikaja amri ya Songambele. Magazetini watu walibishana. Waliounga mkono walisema soul inaharibu vijana, hasa wasichana. Waliopinga waliuliza swali ambalo hata leo halijajibiwa vizuri: hawa wanaoimba soul si ndugu zetu waliochukuliwa utumwani? Si wanadhulumiwa na ubeberu uleule tunaoupiga vita?

Swali lilikuwa na uzito, maana Tanzania haikuwa nchi ya kawaida kwa Wamarekani weusi. Malcolm X alifika Dar es Salaam Oktoba 1964 akapokewa na Nyerere. Stokely Carmichael alifika mwaka 1967. "Dancing in the Street" ya Martha and the Vandellas, iliyotoka mwaka 1964 kama wimbo wa kucheza tu, ilikuwa imegeuzwa na vijana weusi wa miji ya Marekani kuwa wimbo wa maandamano, hadi baadhi ya vituo vya redio huko vikauogopa. Nchi iliyowapa hifadhi wapigania uhuru wa FRELIMO na ANC ikawa inaogopa wimbo uleule uliowaogopesha wakubwa wa Marekani. Hilo lilikuwa kosa, na kosa lenyewe lilitokana na kutazama magoti ya waimbaji badala ya kusikiliza wanachoimba.

Lipo jambo jingine ambalo sijaona likitajwa pamoja na amri hiyo. Oktoba 1969, mwezi mmoja kabla, Bibi Titi Mohamed alikamatwa kwa tuhuma za uhaini. Alikuwa ameshapoteza kiti chake cha ubunge mwaka 1965, na mwaka 1967 alijiuzulu uongozi kwa sababu hakukubaliana na masharti ya Azimio la Arusha yaliyomkataza kiongozi kupangisha nyumba. Kwake, kama kwa wanawake wengi wa mjini waliokuwa nguzo ya TANU, chumba cha kupangisha kilikuwa ndiyo pensheni. Alihukumiwa kifungo cha maisha, akaachiwa mwaka 1972. Sidai kwamba kukamatwa kwake na marufuku ya soul ni kitu kimoja. Kesi yake ilikuwa ya siasa na jeshi, yenye mambo mazito ya peke yake. Lakini mtu hawezi kupita hapa asisimame. Mwanamke aliyeingiza waimbaji wa lelemama katika chama alikuwa rumande wakati chama hicho kinakataza wasichana kucheza nyimbo za wanawake wa Detroit.

Mwaka 1967 ulikuwa na kazi hiyo ya kuwasukuma pembeni waanzilishi hata ng'ambo. Florence Ballard, aliyeliasisi kundi la The Supremes na aliyekuwa na sauti nene kuliko wenzake, aliondolewa mwaka huo. Alikufa mwaka 1976 akiwa na miaka 32, mtu aliyehangaika na umaskini. Wenzake walishika nafasi ya kwanza kwa mara ya mwisho Desemba 1969, na Januari 1970 Diana Ross akaondoka.

Marufuku haikuua kitu. Katikati ya miaka ya 1970 vijana walikuwa bado wanacheza bugi mchana wa mwishoni mwa wiki, na Septemba 1974, katika tamasha la Kinshasa lililoandaliwa kwa ajili ya pambano la Muhammad Ali na George Foreman, dada wanne wa Philadelphia, Sister Sledge, walisimama jukwaa moja na James Brown, B. B. King na Miriam Makeba. Rais Mobutu wa Zaire naye alikuwa na kampeni yake ya uhalisi, amekataza suti na tai, ila soul aliialika.

Arusha nayo, mwanzoni mwa miaka hiyo, ilipoteza kitu kikubwa. Ndugu Wilson na George Kinyonga walihama Tanga mwaka 1970 wakaunda Arusha Jazz, na mwaka uliofuata wakavuka mpaka kwenda Kenya, ambako bendi ikawa Simba Wanyika, moja ya bendi kubwa kuliko zote za Kiswahili. Viwanda na studio za santuri vilikuwa Nairobi. Lakini hata wangebaki, zile sauti tamu za kupandana katika dansi la Tanzania zilikuwa za wanaume. Mwanamke alisikika zaidi katika taarabu na kwaya. Ilibidi kungoja miaka ya 1980, Kida Waziri aliposimama na Hemed Maneti katika Vijana Jazz na kupokezana naye nyimbo ambazo watu wanazijua mpaka leo. Bendi hiyo ilianzishwa mwaka 1971 na Umoja wa Vijana wa TANU, ambao miaka miwili tu nyuma ulikuwa ukiendesha Operesheni Vijana. Nalitaja hilo kwa furaha.

Mwaka 1972 soul yenyewe ilikuja kuhamia Tanzania, na haikupitia redio. Pete O'Neal, mwanzilishi wa tawi la chama cha Black Panther la Kansas City, alikuwa amehukumiwa mwaka 1970 kifungo cha miaka minne kwa kosa la kusafirisha bunduki kutoka jimbo moja kwenda jingine. Hakukubali kufungwa. Alikimbia na mkewe kijana, Charlotte Hill O'Neal, aliyezaliwa mwaka 1951, wakapita Sweden, wakakaa Algeria, kisha wakaja Tanzania. Hatimaye walikwenda kuishi Imbaseni, Arumeru, mashariki ya mji wa Arusha upande wa Usa River. Walilima, walifuga, walijenga kwa mikono yao. Mwaka 1991 wakafungua hapo kituo cha jamii kiitwacho United African Alliance Community Center, kinachofundisha vijana wa vijiji vya jirani lugha, kompyuta, sanaa na muziki bila kuwatoza ada. Geronimo ji Jaga, Panther aliyefungwa Marekani miaka 27 kabla ya hukumu yake kutenguliwa, naye alihamia hapo karibu, akafariki mwaka 2011.

Charlotte watu wa huku wanamwita Mama C. Alitoka mji wenye sifa ya jazz na blues, na alikuwa msichana wakati ule wa Aretha na The Supremes. Angekuwa Dar es Salaam mwaka 1969, nywele zake za afro na nyimbo alizozipenda vingemtia matatani. Miaka ikapita, akawa mshairi, mchoraji na mwimbaji, na kituo kikapata studio ambamo vijana wa kundi la Watengwa walirekodi rap. Hiyo ilikwenda sambamba na hali ya Arusha mjini, ambako kundi la X Plastaz, walioanza mwaka 1996, walichanganya hip hop na uimbaji wa Kimasai, na kati yao alikuwamo msichana, Dineh, akishika zamu yake ya kughani mbele ya kaka zake. Mwaka 2008 Nakaaya Sumari wa hapahapa Arusha aliwageukia wanasiasa moja kwa moja katika "Mr. Politician", miaka 17 baada ya masharti ya uongozi ya Azimio kulegezwa na chama katika kikao chake cha Zanzibar. Hakuna mkuu wa mkoa aliyempiga marufuku.

Mama C hakuishia kwenye blues. Alijifunza nyatiti, ala ya nyuzi nane ya Wajaluo ambayo kwa desturi hupigwa na wanaume, na obokano ya Wakisii, na amezipiga majukwaani Afrika Mashariki na Marekani akiimba kwa sauti ile ya kanisa la watu weusi, ya kuita na kungoja jibu. Wanaomwitikia Imbaseni ni mabinti wa Kimeru, ambao wengi wao wamezoea kuitikia tangu utotoni, kwenye kwaya za Jumapili.